Kuchunga Samaki Kitengela

Kabla sijawahi kuona bahari, nilikuwa nimeandika makala 11 kuhusu namna ya kufuga samaki wa bahari nyumbani. Mteja alikuwa Marekani, na alilipa kwa neno. Wiki hii alitaka chumvi, wiki ijayo taa, wiki nyingine samaki wanaoishi kwa makundi kwenye miamba ya matumbawe. Mimi nilikuwa kwa bedsita yangu Kitengela, upande wa ndani kutoka barabara ya Namanga, laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikiwashauri Wamarekani wanunue pampu gani. Maji yangu ya kuoga nilikuwa nanunua kwa jerikeni, yakiletwa na mkokoteni.

Hiyo ndiyo kazi niliyoshika baada ya kuacha chuo. Niliacha nikiwa mwaka wa tatu, mwanzoni mwa 2022. Watu wakiniuliza kwa nini, nasema karo. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nitafika huko.

Mapema 2023 kijana wa geti wa ploti ya jirani aliniuliza, "Si wewe huwa unaandika mambo ya samaki? Kuna mzee anatafuta mtu." Nikasema mimi ndiye. Sikumwambia kwamba samaki pekee niliyewahi kumshika alikuwa omena.

Mzee ni mtu wa Shimoni, kule kusini kabisa mwa pwani, ukikaribia Tanzania. Ujana wake wote alipiga mbizi kukamata samaki wa mapambo. Wengi wetu wa bara hatujui kwamba Kenya inauza samaki hai ng'ambo: mpiga mbizi anawavua kwa nyavu ndogo, wanawekwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, wanapanda ndege kwenda Ulaya, Marekani na Asia. "Samaki wangu wameona London," Mzee hupenda kusema, "mimi nimeona Kitengela."

Aliletwa Kitengela na binti yake, anayefanya kazi Doha na aliyejenga huku, ili awe karibu na kliniki ya macho Nairobi. Presha ya macho ilikuwa imeshamla sehemu kubwa ya kuona kwake. Akawa anakaa sebuleni siku nzima, uso kwenye dirisha, nje vumbi na malori ya mawe. Binti akampigia simu akamuuliza, "Baba, unataka nini nikununulie?" Akajibu, "Bahari." Binti akacheka. Baada ya mwezi akatuma pesa za tangi.

Tangi lilikuwa na urefu wa futi 8 na lilimeza lita 1,200. Hebu fikiria hesabu yake. Maji ya kisima cha Kitengela hayafai: ni magumu, yana floraidi nyingi, ile inayochafua meno ya watoto wa huku Kajiado rangi ya kahawia. Kwa hiyo tulinunua maji yaliyochujwa, jerikeni 60 za lita 20, na watu wa duka la maji wakadhani tunafungua hoteli. Kila lita moja ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo tangi zima lilihitaji kilo 42. Na si chumvi ya mezani. Chumvi ya bahari ina magnesi, kalisi na vitu vingine ambavyo ugali wako hauvihitaji lakini samaki anavihitaji.

Kisha tulingoja. Hii ndiyo sehemu niliyokuwa nimeiandika mara nyingi bila kuielewa. Samaki wa bahari hutoa amonia, hasa kupitia mashavuni, na amonia ni sumu kwake. Lazima kwanza bakteria waote kwenye mawe, wale wa kugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, halafu wengine wa kugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huistahimili. Wiki sita tulikuwa na tangi lenye maji na mawe tu. Wageni wa Mzee walikuwa wanatazama, wanasema ni safi sana, wanauliza samaki wako wapi.

Mzee hakuwa na haraka. "Ukimpandisha samaki kutoka kina kirefu mbio mbio, tumbo hufura," aliniambia. "Lile pulizo lake la ndani hupanuka. Wapanda kidogo, wangoja, wapanda kidogo. Vijana waliokuwa na haraka walileta ufukoni maiti."

Samaki walifika Mei, usiku, kwa basi kutoka Mombasa, ndani ya boksi la foamu. Mzee alikuwa amechagua aina moja tu: anthiasi, samaki mdogo wa rangi ya chungwa anayejaa kwenye miamba kuanzia Bahari ya Shamu hadi kwetu na chini zaidi. Nilidhani angechagua kipepeo au kangaja, samaki wa bei. Baadaye nikaelewa. Jicho lake halikuweza tena kumwona samaki mmoja, lakini liliweza kuona wingu la rangi ya chungwa likisogea. Walikuwa 13, majike 12 na dume mmoja, yeye mwekundu wa kuelekea zambarau, na mwiba mrefu mgongoni kama antena.

Kazi yangu ilikuwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Anthiasi hula vijidudu vinavyoelea na mkondo mchana kutwa, kwa hiyo ukimlisha mara moja kwa siku kama mbwa, atakonda afe huku unamtazama. Nilienda mara nne: asubuhi, saa sita, saa tisa, jioni. Uduvi uliogandishwa, kidogo kidogo. Kila siku niliongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu upepo wa Kitengela unakausha maji lakini chumvi inabaki. Kila Jumamosi nilitoa lita 120 na kurudisha lita 120 mpya. Nilipima, nikaandika kwenye daftari. Katikati nilikuwa naandika makala zangu kwenye meza ya Mzee, maana pale kulikuwa na intaneti.

Sasa nirudi kwa hayo mengine.

Baba yangu ni mfugaji, upande wa Kajiado, mwendo mrefu kutoka mjini. Mimi ni wa kwanza kwetu kuingia chuo kikuu, na kila muhula ulikuwa na jina la ng'ombe. Mvua ikakosa, ikakosa tena, misimu mitano mfululizo. Kama ulipita barabara ya Namanga mwaka 2022 uliona mwenyewe mizoga. Baba alikuwa na ng'ombe 36. Septemba mwaka huo walikuwa wamebaki saba, na akauza wanne kabla hawajaanguka. Bei ilikuwa ya kutupa. Wote wanne kwa pamoja walileta shilingi 31,000, na akanitumia zote kwa M-Pesa. Akapiga simu akasema, "Maliza shule."

Nilikuwa nimeshaacha shule miezi minane.

Sikuacha kwa sababu ya karo peke yake. Niliacha kwa sababu nilikuwa nafeli, na nilikuwa nafeli kwa sababu usiku nilikuwa nawaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo ili nilipe karo ya chuo nisichokihudhuria. Ilifika mahali nikaona afadhali niandike tu. Lakini sikumwambia Baba. Pesa ilipoingia nilikaa nikiangalia ule ujumbe kwa muda mrefu. Ningeirudisha. Kurudisha ni kubonyeza tu. Nikalipa nyumba miezi mitatu niliyokuwa nadaiwa, na iliyobaki nikanunua laptopu ya mtumba. Ndiyo hii ninayoandikia.

Baba alikuja Kitengela Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023. Alikuwa amekuja kuona mtu kuhusu madeni ya majani, akasema atalala kwangu. Nilimwambia nina kibarua cha samaki "wakati wa likizo." Akataka kuona.

Wazee wawili walisalimiana kwa heshima, wakakaa. Baba hajawahi kula samaki maishani mwake. Aliuliza, "Hizi zinaliwa?" Mzee akasema la, hawa ni wa kutazama. Baba akasema, "Afadhali." Kisha akasimama mbele ya kioo, mikono nyuma ameishika fimbo, na kwa kama dakika kumi hakusema kitu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za chumvi na bakteria. Hata akanikatiza kabla sijaanza.

"Hii kubwa nyekundu, ndiyo dume?"

"Ndiyo."

"Iko mgonjwa."

Nikamwambia hapana, yuko sawa, jana alikula. Nikafungua daftari nimwonyeshe: amonia sifuri, joto nyuzi 26, chumvi sawa.

"Zingine zinaenda mbele, zinarudi, yeye anabaki kona," Baba akasema. "Na anapumua mbio. Si unaona mbavu?" Samaki hana mbavu za kuonekana hivyo, alikuwa anaonyesha vifuniko vya mashavu. Lakini alikuwa sahihi. Vilikuwa vinapiga haraka kuliko vya wenzake. Miezi mitatu nilikuwa nimelichunga daftari.

Mzee akageuza uso upande wa Baba. "Umeona vyema. Mimi macho hayafiki huko."

Siku ya kwanza hiyo hiyo ndiyo siku stima ilipotea karibu nchi nzima. Pengine unakumbuka ulikuwa wapi. Ilikuwa saa nne kasorobo usiku. Tulikuwa kwangu tunakunywa chai, na taa zikazima, nami nikangoja kama kawaida yetu Kitengela. Kwenye simu watu wakaanza kuulizana: Nairobi hakuna, Mombasa hakuna, Kisumu hakuna, hata uwanja wa ndege uko gizani. Nikasimama. Baba akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia pampu zimezima, maji yakitulia hewa inaisha. Akachukua fimbo yake tukatoka.

Kwa Mzee kulikuwa na betri ya akiba, ikashikilia pampu moja ndogo mpaka saa saba usiku. Baada ya hapo ilibaki mikono. Ukitaka maji yaingize oksijeni bila stima, lazima uvunje uso wake: unachota kwa jagi, unainua juu, unamwaga. Unachota, unainua, unamwaga. Na baridi. Watu wa mbali hawaamini nikisema Agosti ya Kitengela ni ya sweta mbili. Hita zilikuwa zimezima na joto linashuka. Tulifunika kioo kwa mablanketi ya Mzee, hayakutosha. Baba akavua shuka yake ya juu, ile nyekundu, akaitandaza upande uliobaki, akaipachika vizuri kwenye kona kama anayefunika ndama.

Tulipokezana jagi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, amekataa kulala, anahesabu dakika kwa tasbihi na kutuambia zamu imefika. Katikati ya zamu walizungumza. Mzee alimweleza Baba kuhusu mwaka 1998, baada ya El Niño, maji yalipopata moto na matumbawe yakageuka meupe. "Nilizama mahali ninapopajua kama chumba changu. Kote kweupe. Nikadhani macho yangu ndiyo yameharibika." Matumbawe yakifa, samaki nao hupungua. Alizama miaka mingine mingi lakini, alisema, hakuwahi tena kuzama akiimba.

Baba akamwambia kuhusu ng'ombe. Hakusema idadi. Aliwataja kwa rangi, mmoja mmoja, na mahali kila mmoja alipoangukia. Nilikuwa nimeshika jagi. Alipofika kwa wale wanne wa mwisho akasema, "Hao walienda shule ya huyu."

Sijui kwa nini ilikuwa wakati huo. Labda kwa sababu kulikuwa na giza na mikono yangu ilikuwa na kazi. Nikasema, "Baba, sikuwa shuleni."

Nikamweleza yote nikiendelea kumwaga maji. Mwaka wa tatu, kuandikia watu, miezi minane, ujumbe wa M-Pesa. Hakunikatiza. Mzee aliacha kuhesabu.

"Na pesa?"

"Nililipa nyumba. Nyingine nikanunua laptopu."

Baba alinyamaza kwa muda ambao nilichota labda mara ishirini. Kisha akasema, "Ile nyeupe ilikuwa ya mama yako. Ndiyo ilikuwa na maziwa."

Sikuwa najua hilo.

Akainuka akanyoosha mkono. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Alikuwa anataka jagi. "Kaa," akasema. "Zamu yangu." Hakusema neno lingine mpaka mwadhini wa msikiti akaadhini bila kipaza sauti, akasikika mbali sana, na Mzee akainuka kuswali.

Asubuhi joto lilikuwa nyuzi 23. Majike wote 12 walikuwa hai. Dume alikuwa hai, ameegemea jiwe. Stima ilirudi Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi nikamkuta dume chini. Nilitaka kulaumu stima, ingekuwa rahisi, lakini Baba alikuwa ameuona ugonjwa wake Ijumaa mchana, taa zote zikiwaka.

Kabla hajapanda matatu, Baba aliniambia jambo moja. "Mama yako utamwambia mwenyewe. Mimi sitambeba."

Nilienda Kajiado wiki iliyofuata. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama. Kisha akasema, "Ningejua, ningeibakisha." Hiyo tu. Nilikuwa nimejiandalia matusi, machozi, hata laana. Sentensi hiyo sikuwa nimeiandalia kitu. Watoto wa dada yangu walikuwa wanakunywa chai ya rangi.

Sasa kuhusu dume. Kuna jambo nililoliandika katika makala yangu ya nne kwa mteja, nikalipwa, nikalisahau. Anthiasi wote huanza maisha wakiwa majike. Dume akiondoka, mmoja wa majike, kwa kawaida aliye mkubwa, hugeuka dume. Si kwa tabia tu, kwa mwili kabisa. Mwanasayansi Lev Fishelson aliliandika jambo hilo mwaka 1970 kwenye jarida la Nature, na wapiga mbizi wa Shimoni, kwa maneno ya Mzee, walilijua bila jarida.

Baba hakuamini. Simu yake ya kwanza baada ya Mama kuambiwa ilikuwa karibu wiki mbili baadaye. Hakuuliza habari yangu. Aliuliza, "Mmenunua dume nyingine?" Nikamwambia hatutanunua, mmoja wa majike atageuka. Kimya. "Wewe," akasema, "umeanza tena?"

Nilicheka, halafu nikaona kwamba hakuwa anatania. Nilikuwa nimejifanya mtu ambaye hata ukweli wake unahitaji shahidi. Kwa hiyo nikaanza kumpigia picha. Jike mkubwa kuliko wote alikuwa ameshaanza kuwafukuza wenzake. Mwishoni mwa wiki ya pili rangi ya chungwa ilianza kuiva ubavuni, ikawa kama embe lililogongwa. Mwishoni mwa Septemba alikuwa mwekundu wa zambarau na mwiba wa mgongoni unarefuka. Kila Jumapili nilituma picha kwenye simu ya dada yangu, naye akamwonyesha Baba. Majibu yalirudi kwa sauti, upepo mwingi nyuma: "Hiyo ya kushoto imekonda, ipe chakula upande wake." Na kweli ilikuwa imekonda.

Mvua ilirudi Oktoba, ikarudi kwa fujo, ikabeba hadi madaraja. Majani yakaota Kajiado. Ng'ombe wawili kati ya watatu waliobaki walipona. Mimi kila mwezi nikilipwa na Mzee ninatoa shilingi 3,000 na kumtumia Mama, nikiandika kwenye ujumbe "ng'ombe." Nimelipa miezi minne. Mtamba mzuri sasa, majani yakiwepo, hashikiki kwa bei ya mwaka ule, kwa hiyo nina safari. Mama huzipokea. Hajibu, lakini huzipokea.

Mteja wangu wa Marekani aliacha kuniandikia Novemba. Sasa kuna mashine inamwandikia bure. Nilimwomba Mzee ruhusa niandike haya kwa Kiswahili, kwa jina langu. Akaniuliza kama nitataja jina lake. Nikasema la. Akauliza kama nitawataja samaki. Nikasema ndiyo. "Basi waseme walivyo," akasema. "Si wa bei, lakini wanaonekana."

Jumapili iliyopita Baba alipiga simu mwenyewe, na simu yake mwenyewe. Mama alikuwa karibu, nilisikia sauti yake ikimwambia kitu. Baba akasema, "Mama yako anauliza, hiyo dume mpya, ilikuwa jike ya nani?"

Nikamwambia alikuwa yule aliyekaa mbele usiku ule, karibu na shuka yake.

Nikasikia akimtafsiria. Nikasikia Mama akicheka kidogo, kisha simu ikakatika, salio lilikuwa limeisha.